Jamaa aliyeshinda sloti bila kugusa chochote: uchambuzi wa kisa cha Lumiere Place, St. Louis, 2014

Kwenye kasino ya Lumiere Place pale St. Louis, jimbo la Missouri, wahasibu ndo walioshtuka kwanza, sio walinzi. Ilikuwa Juni 2014, watu wanapitia mahesabu ya kawaida ya mashine za sloti, zile za kamari unazoweka hela ukazungusha picha, wanakuta kuna mashine kadhaa ambazo tarehe 2 na 3 zimetapika hela nyingi kuliko zilizomeza. Hilo peke yake sio ajabu sana, mtu akipiga jakpoti hesabu ya siku inakaa vibaya na kila mtu anajua sababu ni ipi. Ajabu ni kwamba jakpoti kubwa haikutoka. Hela ilitoka vipande vipande, ushindi wa kati wa kati, mwingi, kwenye mashine chache, siku mbili, halafu kimya.

Ili uelewe kwanini jambo hili lilileta kizaazaa lazima ujue kwamba sloti ni bahati kwa anayecheza, kwa mwenye kasino ni hesabu tupu. Programu iliyomo ndani imeidhinishwa na serikali na inajulikana kasino itabaki na asilimia ngapi, tuseme senti 7 hivi kwa kila dola inayochezwa, na mizunguko ikiwa mingi hiyo asilimia inajileta yenyewe tu, hakuna anayehangaika nayo. Programu haishikwi na wazimu siku mbili halafu ya tatu ikapona. Kwahiyo mashine ikipata hasara bila jakpoti kisha ikarudi sawa, kuna mtu kaitia mkono. Shida ikawa kuuona huo mkono.

Wakarudisha mikanda ya kamera na baada ya kukodoa macho wakampata. Jamaa wa miaka thelathini na kitu, nywele nyeusi, kabeba kipochi cha kahawia. Hana waya, hana sumaku, hajafungua mlango wa mashine wala hajaipiga ngumi. Anachagua mashine za zamani za kampuni ya Aristocrat ya Australia, anacheza kidogo huku iPhone yake kaishikilia karibu na kioo kwa kujificha ficha, anaondoka. Baadae anarudi kwenye mashine ileile na hapo sasa ndo bahati inamfungukia, anaingiza dola 20 mpaka 60 anatoka na mpaka 1,300, anahamia nyingine anaanza upya mchezo uleule. Kwa siku hizo mbili aliondoka na zaidi kidogo ya dola 21,000.

Kilichomtofautisha na wachezaji wengine ni kitu kimoja. Alipokuwa kwenye ule mkondo wa kushinda alikuwa anakiweka kidole juu ya kitufe cha kuzungushia bila kukigusa, anasubiri, anasubiri, halafu ghafla anakidonyoa kwa haraka kama mtu aliyeshtuliwa. Mtu wa kawaida wa sloti hachezi hivyo, yeye anabonyeza, anaangalia, anabonyeza tena, hasubiri kitu. Huyu alikuwa anasubiri nini?

Jibu liko kwenye namna hizi mashine zilivyobadilika, na mi nadhani njia nzuri ya kuieleza historia ya sloti ni kupitia wezi wake, maana kila mashine ilipobadilika wizi nao ulibadilika nyuma yake hatua moja tu.

Mwishoni mwa miaka ya 1890 huko San Francisco, Charles Fey, fundi mhamiaji kutoka Bavaria, alitengeneza mashine aliyoiita Liberty Bell. Magurudumu matatu, picha za kiatu cha farasi, alama za karata yaani uru, shupaza na kopa, na kengele. Unatumbukiza sarafu ya senti 5, unavuta mpini wa pembeni, magurudumu yanazunguka, yanasimama moja moja, kengele tatu zikikaa mstari unapata senti 50 ambayo ndo ilikuwa zawadi kubwa kuliko zote. Ndani ni springi, meno na vyuma tu. Bahati hapo ni bahati ya kweli kabisa ya chuma kinachozunguka na kusimama. Na wezi wa mashine hizo walikuwa wezi wa chuma pia: sarafu za bandia, sarafu iliyofungwa uzi unaitumbukiza unaivuta, waya unaopenyezwa kushika magurudumu.

Mwaka 1963 kampuni ya Bally wakaleta mashine ya Money Honey, na hapa umeme ukaingia. Mpini ulibaki lakini kazi yote ilifanywa na mota na swichi, na chini kukawa na hopa, lile pipa la sarafu lenye uwezo wa kumwaga mpaka sarafu 500 lenyewe bila mhudumu kuja kulipa. Sasa fikiria wezi walifurahi vipi. Zamani ilibidi uyahangaikie magurudumu, sasa unaihangaikia hopa tu. Tommy Glenn Carmichael, ambaye Marekani anajulikana kama mmoja wa wezi wabunifu zaidi wa sloti, aliunda vifaa vya kupenyeza kwenye tundu la kutolea sarafu na kuichokoa swichi, na baadae walipoweka sensa, yaani kihisi cha mwanga, ya kuhesabia sarafu zinazotoka yeye akatengeneza kijitaa cha kuipofusha, sensa haioni sarafu zikipita kwahiyo hopa inaendelea kumwaga tu. Kijitaa! Mtu anaweza kukasirika ila lazima ukubali kwamba akili ilitumika.

Mwaka 1976 kampuni ya Fortune Coin ikatoa sloti ya kwanza ya video, magurudumu hayapo, ni picha kwenye skrini ya Sony ya inchi 19. Ila mabadiliko makubwa kuliko yote kwa maoni yangu hayakuonekana na mchezaji kabisa. Mei 1984 Inge Telnaes alipewa hataza Marekani, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, namba 4,448,419, ya mashine ambayo magurudumu yake ni geresha. Naomba tukae hapa kidogo.

Chukua mashine ya magurudumu matatu yenye vituo 22 kila moja, yaani sehemu 22 ambazo gurudumu linaweza kusimama. Mchanganyiko wote unaowezekana ni 22 mara 22 mara 22, yaani 10,648. Kama jakpoti ni mchanganyiko mmoja tu basi wastani inatoka mara moja kwa kila mizunguko 10,648, na huwezi kutangaza zawadi ya milioni kwa mashine ya dola moja bila kufilisika. Ukitaka zawadi kubwa lazima uongeze vituo, magurudumu yawe makubwa kama ya lori, na wateja wakiona hivyo wanajua moja kwa moja kwamba nafasi yao ni finyu. Telnaes akasema tuachane na chuma. Kompyuta ichague namba kwanza, tuseme kati ya 64 kwa kila gurudumu, halafu kuwe na jedwali linalosema namba hii inaenda kituo hiki. Kituo cha jakpoti kinapewa namba moja, vituo vitupu vinapewa namba nyingi. Mchanganyiko sasa ni 262,144 na gurudumu unaloliona bado lina vituo 22 vilevile. Chuma kinazunguka tu kukuonyesha matokeo ambayo yameshaamuliwa. Na kile kituo kitupu kilicho jirani na jakpoti kikipewa namba nyingi, basi mara kwa mara utaiona jakpoti imekaa juu kidogo au chini kidogo ya mstari, utajiambia dah nimekosa sentimita moja, kumbe hukukosa sentimita yoyote, ulikosa kwenye jedwali.

Kuanzia hapo mashine ya sloti ni kompyuta iliyovaa sanduku. Noti zikaanza kuingia moja kwa moja, tiketi zenye msimbopau zikachukua nafasi ya sarafu, mpini ukawa pambo halafu ukapotea, kikabaki kitufe. Na mwizi wa vyuma akakosa kazi, maana hakuna cha kuchokoa. Kilichobaki ni namba.

Sasa hizo namba zinatoka wapi? Kompyuta haijui bahati. Kompyuta ni kitu kinachofuata maagizo, ukiipa hesabu ileile inakupa jibu lilelile mpaka kiama. Kwahiyo ndani ya sloti kuna kipande cha programu, mi ntakiita kizalisha namba, ambacho kinachukua namba ya sasa, kinaipitisha kwenye fomula, kinapata namba inayofuata, na hiyo nayo kinaipitisha tena, bila kupumzika, hata mashine ikiwa haina mtu. Namba zinaonekana hazina mpangilio ila zina mpangilio, ni kwamba umefichwa.

Nikupe mfano mdogo unaoweza kuufanya kwa kalamu. Fomula yetu: chukua namba, zidisha kwa 5, jumlisha 3, gawanya kwa 16, baki na salio. Anza na 7. Saba mara tano 35, ongeza tatu 38, ukigawa kwa 16 inabaki 6. Sita inakupa 33, inabaki 1. Ukiendelea hivyo unapata 7, 6, 1, 8, 11, 10, 5, 12, 15, 14, 9, 0, 3, 2, 13, 4, halafu unarudi 7 na safari inaanza upya. Angalia hiyo orodha: kila namba kuanzia 0 mpaka 15 imetokea mara moja, hakuna iliyopendelewa. Mkaguzi akija na vipimo vya takwimu kuangalia kama kuna namba inayotokea kupita kiasi, itafaulu vizuri tu.

Lakini tuseme wewe huoni namba, unaona tu kama ni ndogo, chini ya 8, au kubwa, 8 na kuendelea, kama mchezaji anavyoona picha bila kuona namba iliyoko nyuma. Umeona ndogo, ndogo, ndogo, kubwa. Kwenye orodha yetu sehemu zinazolingana ni mbili tu, 7-6-1-8 na 0-3-2-13. Subiri moja zaidi. Ikija kubwa uko kwenye 11, ikija ndogo uko kwenye 4. Kwa kuangalia mara tano tu, bila kufungua mashine, umejua mahali ilipo na umejua kila kitakachofuata milele.

Mashine ya kweli haitumii namba 16, inatumia mabilioni na fomula ngumu zaidi, lakini mambo ni hayohayo: ukiijua fomula, na ukiona matokeo ya kutosha, unaweza kujua kizalisha namba kimefika wapi. Ndo maana yule jamaa raundi ya kwanza hakuwa na haraka ya kushinda. Alikuwa anarekodi. Mizunguko kama 24 hivi ilitosha.

Fomula yeye na wenzake waliitoa wapi? Hapa kisa kinahamia Urusi. Mwaka 2006 ilipitishwa sheria ya kufunga kamari karibu nchi nzima na kuibakiza kwenye kanda chache za mbali, na Julai 1, 2009 ikaanza kufanya kazi kweli. Kasino zikafungwa kwa maelfu, mashine zikauzwa kwa bei ya kutupa kwa yeyote mwenye gari la kuzibebea. Baadhi inasemekana ziliangukia mikononi mwa watu wa St. Petersburg waliokuwa na hamu ya kujua ndani kuna nini. Ukiwa na mashine yako mwenyewe nyumbani hakuna mlinzi wala kamera, unatoa chipu, unasoma programu yote kwa utulivu wako, unaielewa fomula. Mi hapa ndo naona mzizi wa kisa chote ulipo. Watengenezaji walikuwa wamejenga ulinzi wa kuilinda mashine iliyoko kwenye sakafu ya kasino, hawakujenga ulinzi wa kuilinda mashine iliyouzwa kama chuma chakavu, wakati programu ni ileile.

Dalili za kwanza hazikuonekana Marekani. Kufikia 2011 kasino za Ulaya ya kati na mashariki zilishaanza kuripoti mashine za kampuni ya Novomatic ya Austria zinazolipa kupita kawaida, na kampuni yenyewe ikawaandikia wateja kuwaonya kwamba mtu akiangalia michezo kwa muda mrefu, labda na kuirekodi, anaweza kuutambua mpangilio fulani kwenye matokeo. Ukisoma onyo hilo leo unaona kila kitu kimo humo. Nani alilifanyia kazi ni jambo lingine, na Aristocrat haikuwa Novomatic, kila mtu akadhani ni ugonjwa wa jirani.

Sasa rudi St. Louis. Jamaa anarekodi mizunguko yake, video inaenda kwa mafundi wao St. Petersburg, wao wanalinganisha picha na fomula, wanapata mahali kizalisha namba kilipofika na kinatembea kwa kasi gani. Kisha wanamrudishia kwenye simu orodha ya nyakati. Hiyo ndo sababu anaondoka kwenye mashine halafu anarudi. Maana kumbuka, kizalisha namba hakisimami kikimsubiri mchezaji, kinaendelea kutema namba wakati wote, na namba itakayotumika ni ile iliyoko pale kitufe kinapobonyezwa. Ukibonyeza sasa hivi unapata hii, ukichelewa kidogo unapata nyingine kabisa. Kwa mtu wa kawaida hilo halina maana yoyote kwasababu hajui ni lini. Kwa aliyeletewa ratiba, kitufe kinakuwa ni cha kuchagulia.

Ila kuna tatizo, binadamu ni mzito. Ukimwambia mtu bonyeza sasa, kutoka anaposikia mpaka kidole kifike inapita kama robo ya sekunde. Wale jamaa walilijua hilo wakaliweka kwenye programu: simu inatetemeka robo sekunde kabla ya wakati wenyewe. Kidole kinakaa tayari juu ya kitufe, simu inatetemeka, kidole kinashuka, na kinafika pale kinapotakiwa. Ule msubirio mrefu na ule mdonyoo wa ghafla walioushangaa walinzi ni mtu anayesubiri mtetemo.

Haikuwa inafanikiwa kila mara, na haiwezi, kwasababu kidole cha mtu hakina usahihi wa saa, mara kinawahi mara kinachelewa vipande vidogo vya sekunde. Lakini hawakuhitaji kila mara. Kasino inaishi kwa asilimia chache, kwahiyo na wewe ukizigeuza asilimia chache upande wako umeshaimaliza. Inasemekana mtu mmoja aliyejua kazi aliweza kutengeneza dola 10,000 kwa siku, na kundi la watu wanne likizunguka kasino tofauti linaweza kufika 250,000 kwa wiki. Walikuwa makini kuchukua ushindi wa kati, maana jakpoti inaleta wasimamizi, makaratasi ya kodi, na maswali ambayo hutaki kuulizwa ukiwa na simu ya namna ile mkononi.

Hapo linganisha na Ronald Harris. Huyu alikuwa mtaalamu wa programu ndani ya bodi yenyewe ya kudhibiti kamari Nevada, mtu wa kukagua chipu za mashine, halafu akazitumia chipu zilezile za ukaguzi kupandikiza maagizo ya siri kwamba sarafu zikiingizwa kwa mpangilio fulani mashine ilipe. Januari 1995 akahamia kwenye keno, mchezo wa kubahatisha namba zitakazotoka, huko Atlantic City, akiwa ameshakijua kizalisha namba cha mchezo ule, mwenzake akapata namba zote na kudai dola 100,000. Ushindi wa namna hiyo ni nadra mno, watu wakataka kujua huyu ni nani, uzi ukavutwa mpaka kwa Harris. Yaani wazo la kutabiri namba za mashine halikuwa jipya hata kidogo mwaka 2014, lilikuwa na umri wa miaka 19 na lilishafika mahakamani. Jipya lilikuwa simu ya mkononi, na subira ya kutokuwa na tamaa.

Juni 9 Lumiere Place wakaipa taarifa tume ya michezo ya kubahatisha ya Missouri, tume ikatangaza kwa kasino zote za jimbo, na kasino nyingine zikaangalia mikanda yao zikakuta na wao wameliwa kwa staili ileile, mara nyingi na watu wengine kabisa. Mtu wetu alishapanda ndege kurudi Moscow siku tatu kabla. Angetulia huko hadithi ingeishia hapo. Lakini Desemba akarudi, tena Missouri ileile, na wenzake watatu, wakakamatwa. Shauri likawa la serikali kuu, kula njama ya kufanya ulaghai, na watatu kati yao wakapewa miaka 2 gerezani halafu kurudishwa kwao.

Hapa huwa watu wanabishana sana, kwamba kwani alivunja nini? Hakugusa programu, hakufungua kitu, alibonyeza kitufe ambacho kila mtu anaruhusiwa kukibonyeza, kwa wakati alioutaka mwenyewe. Naielewa hoja na kwa moyo wa mtaani ina utamu wake. Ila kisheria haisimami sana. Nevada kwa mfano tangu 1985 ilishapiga marufuku kutumia kifaa kinachokusaidia kutabiri matokeo ya mchezo, kichwa chako ruksa, mashine ya kukufikiria hapana, na mantiki hiyo imeenea. Ukiongeza kundi lenye mgawanyo wa kazi, mafundi ng'ambo, video zinazotumwa nje ya nchi, mwendesha mashtaka hahitaji kuhangaika.

Upande wa Aristocrat wao walisema hawakuona kasoro kwenye michezo iliyolengwa na kwamba mashine zao zimejengwa na kuidhinishwa kwa viwango vikali. Mi naamini walikuwa wanasema kweli, na hapo ndo penye tatizo. Rudi kwenye mfano wetu wa namba 16. Ukiipima kwa usawa inafaulu. Kizalisha namba kinaweza kuwa na haki kamili kwa mchezaji, hakuna picha inayopendelewa, asilimia ya malipo inakaa palepale ilipotangazwa, na bado kikatabirika na mtu mwenye fomula. Hivyo ni vitu viwili tofauti na vipimo vya takwimu vinakipima cha kwanza tu. Watu wa usimbaji, wanaolinda miamala ya benki, walishalijua hili zamani sana na wana vizalisha namba vya aina nyingine ambavyo hata ukijua fomula na ukaangalia matokeo siku nzima huwezi kupata kinachofuata, kwasababu ndani kunachanganywa vitu visivyotokana na fomula kama kelele za umeme za chipu yenyewe. Mashine za zamani zilibuniwa wakati hakuna aliyewaza kwamba mteja atakuja na kompyuta mfukoni.

Na kabla mtu hajaanza kuandika kwamba basi na yeye atakaa na simu aangalie, hapana. Bila fomula na bila mahesabu ya wale mafundi kidole chako ni cha kawaida tu. Zile imani za kwamba mashine imeiva maana haijalipa siku nzima, au imechoka maana imetoka kulipa sasa hivi, hazina mahali pa kukaa ndani ya programu, kizalisha namba hakijui ililipa lini na wala hakina habari na wewe. Piga hesabu ya kasi pia. Mizunguko 10 kwa dakika sio mwendo mkali kwenye sloti, kwa dola moja kila mzunguko unakuwa umecheza dola 600 kwa saa hata kama mfukoni ulikuja na 60, kwasababu unazungusha zilezile ulizoshinda, na senti 7 za kila moja ni dola 42 zilizobaki kwa kasino, kwa wastani, saa moja tu.

Mtandao wenyewe haukufa St. Louis. Mwaka 2016 Singapore walikamatwa Mcheki mmoja na Warusi wawili kwa mchezo huohuo na wakafungwa, na kwa upande wa mbinu nako kulikuwa na maendeleo, simu haishikwi tena mbele ya skrini ya mashine inakaa mfukoni mwa shati nyuma ya kitambaa cha wavu, kamera ikichungulia. Walinzi nao wamejifunza kutafuta kidole kinachosubiri badala ya mkono unaochokoa. Dawa kamili ni moja, kuziondoa hizo mashine za zamani sakafuni, maana programu iliyoidhinishwa huwezi kuibadilisha ukijisikia, na sio kila kasino ina hela ya kununua mpya, na mashine yenyewe kuukuu hiyo bado ina wateja wake wanaoipenda na kila siku inaingiza zile senti 7. Mwenye kasino anaweka hasara ya wezi upande mmoja na bei ya mashine mpya upande wa pili, na wengine wakishapiga hiyo hesabu wanaiacha ya zamani ikae palepale.